Krosli ya Shihab Ilivyopanda Aqaba ya Bustan

Ilikuwa mwaka elfu mbili na ishirini na moja. La, nakosea. Mwaka huo tulikuwa bado tunakatazwa kukusanyana kwa ajili ya maradhi, na harusi zilikuwa za watu wa nyumba tu. Basi ni mwaka uliofuata, karibu na kumalizika, jua la Maskati limeshapoa na mtu anaweza kutembea mchana bila ya kuvizia kivuli. Mie ni mtu wa kutembea. Tangu nlipoacha kazi siwezi kukaa kitako. Nikishakunywa chai natoka, naifuata barabara ya Azaiba duka kwa duka, na mwisho wa matembezi yangu ni kwa Shihab.

Shihab ni fundi wa mafriji na viyoyozi. Kazaliwa Unguja, kaja Maskati angali mdogo, na karakana yake iko uani kwake. Nusu ya Azaiba wanalala baridi kwa mkono wake. Ni mtu mkimya mpaka umguse pale anapopapenda, na hapo huwezi kumnyamazisha. Anapopapenda ni pikapu yake.

Ukiiona mara ya kwanza utacheka. Hata mie nlicheka. Ni pikapu ya Kimarekani ya mwaka arobaini na saba, lakini nyembamba, fupi, paa lake linanifika kidevuni, na taa zake mbili zimekaa kama macho ya mtu aliyeamshwa ghafla. Mhandisi mmoja wa Kimarekani aliyekuwa akikaa Madinat Sultan Qabus aliileta kwa meli akitaka kuifufua. Miaka ikapita imefunikwa turubai. Alipohama akampa Shihab, aliyekuwa akimtengenezea viyoyozi vyake. "Chukua wewe," alimwambia, "wewe una subira."

Siku ilipoletwa, dada yake Shihab, Bi Balqis, alisimama mlangoni mikono kiunoni.

"Hichi kitoto cha gari. Mama yake yuko wapi?"

"Mama yake kafa zamani," Shihab akamjibu. "Ndo maana nnakilea."

Na kukilea alikilea. Kwanza alikwenda kuulizia asili yake, kama mtu anavyouliza ukoo kabla ya kuposa. Kila nikenda nakuta kajua jambo jipya.

"Unamjua aliyeitengeneza hii, Saeed? Anaitwa Crosley, bwana wa Sinsinati, huko Marekani. Alianza kwa redio. Redio wakati ule zilikuwa za wenye nacho, yeye akatengeneza ya mtu wa kawaida. Halafu akaingia kwenye mafriji. Haya, fungua friji yoyote humu ndani. Mlangoni kuna nini?"

"Rafu. Za mayai na chupa."

"Basi zamani mlango wa friji ulikuwa mtupu. Friji zake yeye ndizo zilizowazoesha watu rafu za mlangoni."

Nlikuwa nimefungua milango ya friji umri wangu wote wala sikuwahi kufikiri kuwa kuna mtu nyuma yake. Shihab alinambia kuwa bwana huyo, kabla ya vita vikuu vya pili, akaingia kwenye magari. Alitaka yauzwe dukani pamoja na redio na friji, kwa hivyo ya mwanzo aliyafanya membamba yapate kupita mlango wa duka. Vita vilipokwisha watu walikuwa na njaa ya magari, wakayanunua. Baadaye wakataka magari marefu kama sebule, na mwaka hamsini na mbili kiwanda kikaacha kuyatengeneza.

"Alichoka?" nikauliza.

"Hakuchoka yeye. Waliochoka wanunuzi."

Lakini kilichomshika Shihab khasa ni injini. Injini ya pikapu hii haikumiminwa kwenye kalibu kama za magari mengine. Ni mabati ya chuma yaliyokunjwa, yakaungwa kwa shaba ndani ya tanuri. Nyepesi, watu wawili wanainyanyua. Aibu yake moja: maji ya kupozea yanaila kwa ndani. Hii yake ilikuwa imeliwa, inavuja ubavuni. Mafundi wa Wadi Kabir walipoiona walisema itupwe, itiwe ya Kijapani, jioni anaendesha. Shihab akairudisha nyumbani. Akaziba njia zake zote za maji, akaijaza upepo kwa pampu, akaipaka povu la sabuni, akakaa anatazama wapi povu litafura, vile vile anavyotafuta friji inapovujia gesi.

Fundi mmoja aliyekuja kumtembelea akacheka mpaka akashika ukuta. "Unaikogesha, yakhe? Na poda utaipaka?"

"Ikishakauka," akasema Shihab, hata hakugeuka.

Kila povu lilipofura aliweka alama, kisha akaunga kwa lehemu ya fedha, akarudia tena upepo na sabuni. Kazi hiyo ilimla miaka. Mpaka siku moja povu likakaa kimya.

Sasa ndo likaja la harusi, mwaka ule nloutaja mwanzo. Binti yake Shihab, Kawthar, aliposwa na watu wa Bustan, ng'ambo ya mlima. Kwetu vyombo vya bibi arusi, godoro, mito, shuka, seti ya kahawa, hupelekwa nyumbani kwa mume kwa shangwe. Kawthar akasema, "Baba, vyangu vitakwenda kwa pikapu yako."

Loay, kakake Kawthar, anafanya kazi benki, kijana mwenye heshima zake. Aliposikia aliweka kikombe chini.

"Baba, ile aqaba ya Bustan, njia yote ya mlima, hata magari mapya yanachemka. Hii ikizima mbele ya wakwe, tutasemwa mpaka wajukuu. Walau tia injini ya Kijapani."

"Nikitia injini ya mwengine, kitakachofika Bustan ni nini? Bati. Sikiliza, mwanangu. Ikishindwa aqaba kwa injini yake, ntaitoa kwa mikono yangu, ntatia hiyo yako, na sitolisema tena. Ami yako Saeed shahidi."

Nikawa shahidi. Siku ya kupeleka nikapandishwa mbele, magoti yangu kifuani. Nyuma yetu basi la wanawake na ngoma zao, Bi Balqis kakaa karibu na dereva. Nyuma ya basi Loay, na pikapu kubwa ya kukodi, tupu, tayari kuvipokea vyombo tukikwama.

Mpaka Ruwi tulikwenda salama. Wadi Kabir, pale mlima unapoanza, Shihab akasimamisha gari pembeni, akafungua boneti, akaiacha injini ipoe. Loay akashuka mbio.

"Baba, tuhamishe hapa hapa. Hapana anayetuona."

"Kawthar yumo kwenye basi anaona," akasema Shihab, akafunga boneti taratibu.

Tukapanda. Gia ya kwanza, injini inalia kama cherehani ya mshoni mwenye haraka ya Idi. Mshale wa joto ukapanda nao. Magari yaliyokuwa nyuma yakaanza kupiga honi kwa hasira, na Bi Balqis, Mungu ampe umri, akadhani wanatushangilia, akazidisha vigelegele. Ngoma zikapamba moto. Na hapo nikasikia jambo sijalisikia miaka. Harusi za siku hizi magari yanakimbia mno, wimbo unaanza na kabla haujafika nusu mmeshafika. Sisi tulikwenda mwendo wa mtu na miguu yake, na wanawake wakauimba wote, ubeti kwa ubeti, majabali ya aqaba yanawarudishia sauti. Shihab midomo inamcheza, sijui anaomba au anaimba nao. Mshale ukafika karibu na pekundu, ukasita. Barabara ikalala. Tukaiona bahari chini.

"Imepanda," nikasema.

"Nyamaza, Saeed. Bado kushuka."

Tukashuka. Bustan walitusikia kabla ya kutuona. Tulipoingia mtaani watu wote walikuwa nje. Nyanyake bwana arusi, mtu wa Unguja naye, akaja kwa mkongojo wake akaweka kiganja juu ya paa la pikapu.

"Wimbo ule una ubeti wa mwisho," akasema. "Nlikuwa nshausahau."

Loay ndiye aliyefungua boneti. Hakuombwa na mtu. Nduguze bwana arusi wakamzunguka, naye anawaonesha kwa kidole: "Hii injini yake mwenyewe ya kiwandani. Hapa, na hapa, na hapa kaunga baba." Anasema baba, kifua kimemjaa kama kaunga yeye. Shihab kasimama nyuma ya watu kama mgeni, anajifuta mikono ambayo haikuwa na mafuta. Sijapata kumwona mtu amefurahi vile na uso wake umetulia vile.

Mpaka leo pikapu inatembea kwa injini yake. Lakini kuna jambo halijanitoka. Jioni ile, tulipokuwa tunanawa tukale, nlimuuliza Shihab, akajifanya hasikii kwa maji. Nikamuuliza Kawthar siku nyengine, akacheka akanimiminia kahawa. Nikamuuliza Loay, akatazama saa yake. Nnauliza tu, sina nia mbaya: lau ingezima pale katikati ya aqaba, wanawake wanaimba na wakwe wanangoja, Shihab angeitoa kweli ile injini?