Nyumba Moja, Kamba Tatu

Nikisikia harufu ya lihamu, hata leo kwa fundi wa simu, husimama kwanza. Ndiyo ilikuwa harufu ya Jumamosi kwetu Dandora, imechanganyika na moshi wa jaa na sabuni ya kipande, ploti nzima ikifua, nyumba zote za kupanga zilizozunguka ua mmoja. Baba alikuwa fundi wa mashine kiwandani, na mapenzi yake yalikuwa redio ya kuongea na watu wa mbali. Leseni alikuwa nayo, tena halali. Kiangazi kile alitundika antena tatu juu ya ua. Kila moja ilikuwa waya wa shaba uliokatwa katikati, mikono miwili, kebo ikishuka kutoka hapo kati mpaka mezani kwake. Mrefu ulikuwa wa stesheni za karibu, wa kati wa Kongo, mfupi wa Ulaya. Ncha alizifunga kwa shingo za chupa alizookota jaani, ili waya usiguse kitu.

Uliotuhusu ni ule wa kati. Baba mdogo Rajabu, dereva wa lori, alikwama Kongo vita vilipoanza, na padri mmoja wa huko mwenye redio aliahidi kumwita aongee. Baba mdogo ndiye aliyekuwa akinisomesha. Kwa hiyo nami nilikuwa nasubiri.

Taabu ni kwamba kwenye ploti ile kila nyumba ilikuwa na kamba moja ya kuanikia, na hiyo ilikuwa sheria kubwa kuliko ya serikali. Mama Otieno, jirani wa mlango wa pili, alisimama uani na beseni kiunoni, akamwita baba kwa jina langu.

"Baba Zuhura, nyumba moja kamba tatu? Sisi tuanike vichwani?"

"Si kamba, mama. Ni antena."

"Na hiyo antena inaanika nini?"

"Sauti."

Ua mzima ukacheka. Baba naye akacheka, akarudi ndani. Hapo alikosea. Angegombana, wangemwogopa.

Jumamosi iliyofuata padri akapatikana. Redio ilikoroma, kisha nikamsikia baba mdogo mwenyewe: "Kaka, tunaondoka sasa hivi, tunapitia..." Ikakatika. Tulitoka mbio. Mama Otieno alikuwa amelegeza waya wa kati ili aufikie, na blanketi zake mbili mbichi zimeuvuta mpaka ukagusa mabati, ndiyo maana sauti ikakatika. "Si bado mnazo mbili?" alisema, wala hakuwa na ubaya. Baba alipoupandisha tena, padri alituambia lori limeshaondoka, na njia hakuijua. Hatukumwona tena baba mdogo, wala hatukujua tuanzie wapi kumtafuta. Shule niliachia hapo, darasa la tatu.

Leo nina ploti yangu mtaa wa Mowlem, nimeijenga kwa kuuza mitumba, sikusaidiwa na mtu. Nyaya za intaneti zimetanda juu yake kama utando wa buibui, na hakuna anayeuliza ni za nini. Wajukuu wangu wanaongea na Dubai huku wanakula, wakichoka wanamkatia mtu simu hivi hivi. Mimi siwezi. Mtu akinipigia namwacha amalize, hata kama ananitukana. Na nilipojenga, kabla ya choo, niliweka kamba tatu kwa kila nyumba. Wapangaji hunicheka: "Nyanya, hizi zote za nini?"

Anikeni, nawaambia. Anikeni mpaka mchoke.