Miguu Iliyolala

Habari zimenifikia juzi kutoka Miyuji: yule kijana aliyebeba mataruma ya reli, ambaye ninyi wasomaji wangu hamkumjua, amefariki. Hakufikisha miaka ishirini na mitano. Nilipoambiwa nilikuwa nakunywa uji, nikaendelea kunywa. Sikulia. Hata sasa nikijitafuta moyoni sioni kitu, na hilo linanitisha kuliko kilio.

Nilikuwa mkalimani wa bwana mganga Mjerumani hapa Dodoma siku alipoletwa, akipepesuka kama mlevi, vidole vimeshindwa kufunga kifungo cha kanzu. Alikuwa Mgogo, Kiswahili alikiokota kambini kwenye reli. "Shikamoo, mwalimu," akasema. "Mwambie Bwana, miguu yangu inalala. Tena nikiinamisha kichwa, radi inashuka mgongoni." Radi! Mimi mtu wa pwani na majivuno yangu, nikaona hayo ni maneno ya shamba, nikayaacha. Nikamwambia mganga kwa Kijerumani changu cha shule: huyu analala sana. Basi mganga akadhani ni malale. Akampapasa shingo kutafuta tezi, vidole vikipita karibu kabisa na penye maradhi, kisha akaamuru sindano. Kijana akaniuliza, "Umemwambia yote?" Nikajibu, "Yote, mwanangu."

Mwezi ukapita kwa sindano. Kambini wakamwita Mlalaji, wakacheka. Siku moja alikanyaga kaa la moto, asijue mpaka aliposikia harufu ya nyama yake. Niliposimuliwa hayo ndipo nikaelewa, jamani: sisi husema mguu umekufa ganzi, naye neno ganzi hakuwa nalo. Nikarudi kwa mganga nikamweleza yote, na ile radi pia. Alinitukana, nami nilistahili. Akamlaza kijana, akamgonga goti, mguu ukaruka juu; akamchoma kwa pini, asihisi. Uti wa mgongo umebanwa shingoni, akasema. Dawa aliyokuwa nayo ni kumlaza chali wiki nyingi, shingo ikivutwa kwa kamba na mfuko wa mchanga. "Angelazwa mwezi uliopita, huenda angetembea." Kijana akauliza Bwana anasemaje. Nikamwambia, "Anasema upumzike." Hakuinuka tena.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi niliona kumuuliza Mgogo maana ya neno lake ni kujishusha. Nasi wakalimani na makarani tunazidi kuongezeka siku hizi, kila mmoja amesimama kati ya mwenye maumivu na mwenye dawa. Anayemsemea mwenzake na aulize mpaka aelewe, hata akichekwa.

Jana nilikwenda kwao Miyuji kuhani. Mama yake alinishika mikono yote miwili. "Asante, baba," akasema. "Wewe ndiye uliyemsemea mwanangu kwa Wazungu." Nikamjibu pole, mama, nikaondoka. Sikuweza kumwambia. Nimeyaandika hapa, naye hajui kusoma.