Mahindi ya Ndani ya Mahame

Sifa zote ni zako, Mungu uliyetulisha hata tulipokuwa hatujui chakula kitatoka wapi.

Mvua ya kwanza inapopiga mawe yaliyoungua na jua, harufu yake hunirudisha kwetu Ugalla, kwenye shamba la marehemu baba. Lilikatizwa na kuta za mawe za zamani, zilizozama zikabaki kimo cha goti, na kati yake palikuwa na duara za misingi ya nyumba. Nani alijenga? Hata babu zetu walizikuta. Tulipaita mahame. Desturi ilikuwa kuweka unga kidogo mlangoni pa kila duara, na ndani hulimi, maana wenyewe wamelala.

Mwaka aliofariki baba, mama aliweka unga, akaomba radhi, akalima ndani. Udongo ulikuwa mweusi, laini kama majivu. Mahindi yakarefuka yakamfunika mama, nasi watoto, tuliokuwa tukishindia uji mwepesi, tukagawana mashina, huyu lake yule lake, hata hayajatoa ndevu.

Kisha mvua ikakatika. Baba mdogo, mdogo wake marehemu, akaja na majirani.

"Shemeji, umewalimia watu kitandani. Ng'oa, mvua irudi."

"Yamekaribia kukomaa, shemeji. Hawa watoto wa kaka yako watakula nini?"

"Waulize hao uliowaamsha."

Watu wakacheka. Mama akang'oa peke yake, shina kwa shina. Mdogo wangu aliokota hindi bichi. Baba mdogo akampokonya. "Cha wafu hakiliwi." Jioni, mahindi yote yalikuwa mbele ya ng'ombe wake. Kwa akili yangu ya kitoto niliwastahi sana wale ng'ombe. Nilidhani ni mashujaa, hawaogopi wafu.

Msimu uliofuata, baba mdogo alipitisha plau katikati ya duara, mawe ya milangoni akayaburuta kwa maksai kujengea zizi. Alipoulizwa, alijibu, "Nimeshaongea nao." Akapanda tumbaku. Mama akaenda kumpalilia, alipwe unga.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba siku ile hakuna aliyeogopa mahame. Majirani wale, waliowahi kula kwa baba, walijua fika kinachotakiwa ni udongo. Walicheka kwa sababu mashamba yao yalikuwa salama. Mama alifariki akiwa bado anamwombea shemeji yake. Mimi sala hiyo bado najifunza, na namshukuru Mungu kwa kunisubiri.

Wewe uliyesoma, Mungu akupe chakula kisichopokonywa mkononi mwa mwanao. Na siku mjane akilazimishwa kung'oa chake mbele yako, akupe ulimi wa kusema. Amina.