Injini ya Kisiagi

Baba aliapa kwamba hatapasuliwa macho mpaka apelekwe kwa daktari na gari lake mwenyewe. Si teksi, si gari la mkwe. Lake. Lile la Kifaransa, la dizeli, alilonunua nikiwa bado nanyonya, na ambalo sasa lilikuwa limekaa uani kwetu Ngoingwa miaka mitatu, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Kaka yangu ndiye aliyeliua. Aliliendesha bila maji kwenye rejeta mpaka injini ikapasuka, kisha akaja kutuambia eti limezima tu.

"Maitu," Baba akaniambia. Ananiita maitu, yaani mama yangu, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Nikiwa na hasira hulitamka kwa upole zaidi, mzee mjanja huyo. "Tafuta injini. Ukiipata, twende hata kesho."

Daktari alikuwa ameshatuonya tusichelewe. Jicho la kushoto lilikuwa limefunga kabisa, na la kulia lilimwonyesha watu kama vivuli. Nikimbembeleza, anasema gari. Nikimfokea, anasema gari. Mimi nilifundisha darasa la kwanza miaka mingi na subira yangu yote niliiacha huko. Nikasema haya basi, injini itapatikana hata kama ni kuichimba ardhini.

Makanika wetu alijitolea kunisindikiza, nikakataa. Nani asiyejua kwamba makanika akikupeleka kununua spea anakula kwako na kwa muuzaji? Nikamwambia anifundishe tu. Injini ikiwa inanguruma, akasema, fungua kifuniko cha oili, weka kiganja juu ya tundu. Moshi ukikusukuma mkono, hiyo imechoka, rudi nyumbani.

Nikaanza na Ruiru. Muuzaji mmoja mwenye miwani ya jua akanionyesha injini iliyopakwa rangi ya fedha, inang'aa kama sufuria ya harusi.

"Hii imetoka Japani juzi, madam. Haijaguswa."

"Gari langu ni la Mfaransa."

"Hata Mfaransa siku hizi ananunua Japani."

"Iwashe."

"Ai, madam! Hiyo sasa inataka betri, inataka waya, inataka..."

Nikakwaruza rangi kwa ukucha. Chini yake kutu tupu. Nikamwambia aniuzie rangi peke yake nikapake choo, nikaenda zangu.

Nilizunguka hivyo miezi minne. Githurai 45 niliuziwa maneno. Thika mjini waliniuliza kwa nini nisiuze hilo gari kama vyuma chakavu, nikawapa jibu ambalo mwalimu hafai kutoa. Mwishowe nikaelekezwa kwa mtu fulani Kiuu, na yeye, baada ya kuninywesha chai, akatoa giaboksi, si injini.

Nilitoka kwake nikiwa nimefura. Sikuwa nimefika mbali nikasikia sauti: tuk-tuk-tuk, kisha kama mtu anayesafisha koo, kisha tuk-tuk tena. Ngai! Sauti ya gari la Baba, iliyonipeleka shule kila mwanzo wa muhula! Nikaifuata nikipita kati ya nyanya na viatu vya mitumba mpaka kwenye kisiagi. Injini ilikuwa imefungwa kwa bolti juu ya saruji, mkanda unazungusha mashine ya kusaga, na mbele yake wanawake na makopo yao ya gorogoro yaliyojaa mahindi.

Hapo nikafanya kosa. Nikaipita foleni.

"Wee mama! Hapa kuna laini!"

"Mimi sina mahindi, nimekuja kuangalia injini!"

"Hata kama umekuja kuangalia bwana! Rudi nyuma!"

Nikarudi nyuma. Mwalimu mzima, nimepangwa laini bila hata punje moja, na wote wananicheka.

Zamu yangu ilipofika, mwenye kisiagi alinitazama toka kichwani hadi miguuni. Alikuwa mama Mwislamu wa makamo, mtandio wake umejaa unga mpaka kwenye nyusi.

"Mahindi yako wapi?"

"Sina, mama. Nataka uniuzie hiyo injini."

"Halafu mimi nisage na nini? Meno?"

Ikabidi nieleze yote, macho, gari, kiapo. Foleni ikageuka baraza. Mmoja akasema mzee wa namna hiyo hubebwa mzobemzobe. Mwingine akamkemea, mzee ni mzee, mwache na gari lake. Mwenye kisiagi akawasikiliza wote, kisha akazima kelele zao kwa mkono.

"Umeme ninao. Ninachokosa ni mota. Leta mota nzima, isage magunia mawili mbele yangu, ndipo ufungue hizo bolti. Nampa baba yako pole, lakini watoto wa watu hawatalala njaa kwa ajili ya macho yake."

Nikafungua kifuniko cha oili, nikaweka kiganja. Pumzi ndogo tu, na tone la oili kwenye mkono wa blauzi. Nilitaka kulia kwa furaha.

Mota niliipata Thika. Siku ya kubadilishana, wanawake walisugua unga kwa vidole, wakasema ni laini kuliko wa kwanza, na wanaume wanne wakaipakia injini kwenye pikap. Mwenye kisiagi aliifuta kwa leso yake kabla haijaondoka.

Makanika alinuna siku tatu nzima, lakini aliifunga vizuri. Gari likawaka Jumatano asubuhi, kuku wakatawanyika. Nikakimbia ndani kumleta Baba huku nikicheka kama mwehu, nikamketisha mbele. Akasikiliza. Hakucheka.

"Umeitoa wapi?"

"Kiuu. Ilikuwa inasaga unga."

"Nilimwuliza makanika kabla sijakutuma. Aliniambia Kenya nzima injini hizi haziko tena."

Ilinichukua muda kuelewa. Nilipoelewa kwamba alinituma akijua sitaipata, damu ikanipanda kichwani. Miezi minne! Viatu jozi mbili! Nikafungua mdomo nimmwagie yote.

"Sasa hivi bado naona kivuli chako," akasema. "Madaktari wakikosea, maitu, hata hicho kitaenda."

Hasira ikanitoka. Nikafunga mlango wake, nikazunguka, nikaingia, nikatia gia. Tukatoka getini tukashika barabara ya mjini. Punde boda boda zikaanza kutupigia honi kwa nyuma, kisha zikatupita moja moja.

"Mbona hivi?" Baba akauliza. "Injini haina nguvu?"

"Iko na nguvu, Baba. Ni mimi naogopa."

Akapapasa mpaka akaupata mkono wangu kwenye gia, akaupigapiga.

"Kanyaga basi," akasema. "Tufike."