Ubao Uliofungwa Usawa wa Macho Yangu

Kaka yangu seremala, Mungu amrehemu, alikuwa na kipimo kimoja kisichouzwa dukani: mimi. Mimi ni mfupi. Kila alipotengeneza rafu au kabati aliniita karakanani, akanisimamisha ukutani na kuchora mstari wa penseli penye macho yangu. "Huyu akifikia, kila mtu amefikia," alisema. Akanibandika jina la Rula, na mtaa mzima ukalidaka, hadi mchungaji.

Hii ni wiki ya tatu tangu tumzike. Wanaokuja kutupa pole wanasifia viti na milango yake. Mimi naandika habari za ubao.

Uchaguzi uliopita, sheria mpya ilimtaka kila mgombea awataje hadharani waliomchangia, iwe fedha au kazi, na orodha ibandikwe kwenye ofisi ya uchaguzi. Mkuu wa ofisi akamwagiza kaka ubao wenye kioo na kufuli. Aliutengeneza kwa siku nne, akipiga randa na kuimba nyimbo za kwaya. Sauti ilikuwa mbovu, lakini imani ilikuwepo.

Siku ya kuufunga nilimpelekea chakula cha mchana. Nilimkuta juu ya ngazi, mkuu akimwelekeza kutoka chini.

"Juu zaidi, fundi. Karibu na dari."

"Mkuu, huko watakaosoma ni mijusi."

"Chini watoto watauchafua."

"Si una kioo? Kioo kinafutwa."

Mkuu akashusha sauti. "Usijifanye hujui. Na wewe umo. Ulimjengea mgombea wako jukwaa bure, na imeandikwa. Mwalimu mkuu aliyekuagiza madawati themanini yuko upande wa pili. Akiliona jina lako, umekwisha. Mimi nakusitiri tu."

Mbao za madawati yale kaka alikwisha kuzinunua, na ada ya binti yake ilikuwa humo humo. Akateremka polepole, nami nikajua ameshindwa. Kumbe alikuwa anafuata penseli.

"Rula, njoo. Simama wima, usiniibie kwa visigino."

Akachora mstari, kisha akamgeukia mkuu.

"Nilijenga jukwaa kwa sababu nilimwamini yule mtu. Sikuiba. Kama jina langu ni la kufichwa, na ya matajiri yafichwe. Kama yao ni ya kusomwa, langu litangulie."

"Sisaini malipo yako!"

"Basi usisaini," alisema, akaanza kutoboa ukuta.

Kabla ya jioni orodha ilikuwa nyuma ya kioo na watu wamejaa, wakifuata mistari kwa vidole. Muuza mkaa akaangua kicheko. "Mwenye kampuni ya barabara kawachangia wagombea wote watatu! Mitumbwi mitatu, na makalio anayo mawili tu!" Kisha akashtuka. "He, fundi! Na wewe umo?"

"Nimo. Mstari wa kumi na moja. Soma kwa sauti."

Wiki ile ile mwalimu mkuu akafuta oda. Zile mbao kaka alizigeuza vitanda, akauza kimoja kimoja mwaka mzima, na ada ikalipwa kwa vipande. Malipo ya ubao yalikuja baada ya miezi miwili. Wifi hakumwonea haya. "Msimamo wako haupikiki, baba watoto."

"Mungu hajatulaza njaa."

"Mungu huyo alipitia kwangu. Mimi ndiye niliyekopa unga."

Kaka akacheka mpaka akakohoa, lakini ubao hakuugusa.

Jana nilipita pale ofisini. Yuko mkuu mwingine, na uchaguzi unakaribia. Ameniambia ukuta utapakwa rangi, kisha ubao upandishwe "kidogo tu". Nimemwomba anitajie siku. Amesema Alhamisi.

Penseli ya kaka ninayo. Alhamisi nitasimama pale ukutani, wima, visigino chini.