Maneno Juu ya Kitanda cha Mzee Kasiani

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, barabara ya Malinyi imejaa maji, nami bado mgeni katika chumba cha wagonjwa mahututi. Mgeni mwenye mvi, maana mashine ya dawa ya usingizi ya kuvuta ilitukuta wengine tumeshazeeka kazini. Dawa inapita kwenye mpira wa kupumulia, mgonjwa analala asihangaike. Ukiipunguza, baada ya muda mfupi anaamka. Hilo lilinitia hofu kuliko harufu yake. Sindano tulizozizoea zilimwachia mtu taratibu. Hii inamleta kwako ghafla, na macho yake yanataka majibu.

Siku hiyo alilala Mzee Kasiani, mkulima wa mpunga kutoka Mkula, mapafu yameharibika. Mkewe, Mama Agata, alisimama miguuni. Deusi, mdogo wake Mzee Kasiani, alisimama kichwani akizungumza kama yuko msibani. Wakamzike Mahenge kwa wazazi, alisema, na shamba la bondeni alichukue yeye, kwa kuwa Mama Agata hana mtoto wa kiume.

"Shemeji, huyu ameshaondoka. Hapa inapumua mashine."

Kiongozi wetu wa zamu, Sista Filomena, alikuwa na desturi ya kumwamkia kila mzee aliyelazwa usingizi kwa dawa, nasi tulimcheka chinichini. Hakupandisha sauti.

"Baba, mgonjwa yuko hapa. Msalimie, au utoke nje."

Deusi akatabasamu tu, akaendelea na mambo ya shamba.

Daktari alikuwa ameagiza tupunguze dawa tuone kama mzee anatambua watu. Nikapunguza. Kope zikacheza, macho yakafunguka, machozi yakatiririka kuelekea masikioni. Mpira ulimzuia kusema. Sista Filomena akamwinamia.

"Shikamoo mzee. Uko hospitali, Ifakara. Kama unanisikia, minya mkono wa mama."

Akauminya mkono wa Mama Agata mpaka mama wa watu akalia. Deusi naye akanyoosha wake. Mzee alimtazama kwa muda mrefu, kisha akakunja ngumi.

"Kaka, nilidhani umelala," Deusi akasema.

Kifua kikaanza kushindana na mashine, tukamrudisha usingizini. Kabla jua halijazama, akafariki. Deusi alinifuata koridoni kuniuliza kama kaka yake alisikia yote. Sikujua. Mpaka leo sijui.

Basi, mwanangu unayeanza kazi hii, mwite mgonjwa kwa jina kabla hujaigusa dawa yake. Mwambie unachotaka kumfanyia. Ndugu wakianza habari za kaburi na mashamba, watoe nje bila kuona haya, hata kama ni wakubwa kwako. Na mwenye ugomvi na ndugu yake, mwambie aombe radhi mgonjwa akiwa bado amelala, asisubiri macho yafunguke.

Mungu ailinde mikono yako. Na siku utakapolala wewe, akuwekee kichwani mtu anayekupenda.