Manyoya Meupe Ubavuni

Leo asubuhi jirani alikuwa akiyeyusha samli. Harufu ilipoingia dirishani, nikaiacha chai yangu ikapoa.

Utotoni tulikuwa tukiishi kijijini Iguhu, miaka ile bendera mpya ya uhuru bado ilikuwa ngeni machoni petu. Dada yangu aliepua sufuria ya maji yaliyochemka ya obusuma, ugali wetu, akajikwaa kwa mbwa wetu aliyelala karibu na mafiga. Alipoanguka, maji yalimmwagikia kichwani, na mengine yakamwunguza mbwa ubavuni.

Mama aliwapaka wote wawili samli ileile, asubuhi na jioni. Vidonda vilipokauka, viliacha ngozi laini, isiyo na kitu. Kisha ubavu wa mbwa ukaanza kuota manyoya meupe, machache mwanzoni. Kila alipotoka shule, dada aliyapapasa, kitambaa kikiwa kichwani.

"Mama, nywele zangu zitaota lini?"

"Mbwa amekutangulia tu, mwanangu. Ngoja."

Alingoja. Mahindi yalipandwa, yakavunwa, na kichwa chake kikabaki vilevile, kinang'aa.

Siku moja nilimkuta nyuma ya nyumba akiwa na wembe wa baba. Mbwa alikuwa amelaza kichwa mapajani mwake, naye alikuwa akimnyoa ubavu, taratibu, asimkate. Mbwa alimlamba goti. Mama alitoka, akatazama, akarudi jikoni.

Baada ya wiki chache manyoya yakaota tena. Dada hakuyagusa, wala hakumwuliza mama tena.